Orodha ya Mke Mwenzangu

Jumanne, 1 Oktoba

Rahila kaniambia niandike humu. Humu ndani ya simu, chini ya ile orodha ya kazi, pana mahali peupe pa mtu kuandika lake. "Mama, badala ya kunipigia kila jioni unalalamika, andika. Kifua kitapungua." Mwanangu huyo, nimemzaa mimi, nimemsomesha mpaka kawa mwalimu huko Wete, leo ananionyesha pa kusemea. Haya, nasema.

Mimi ni Mwanapili binti Kificho, wa Kiuyu, mke mkubwa wa marehemu Thabit. Skuli nimefika darasa la nne, msahafu nimehitimu mara tatu. Herufi nikikosea, anayesoma ajisahihishie mwenyewe. Naandika kwa kidole kimoja na kidole chenyewe kimepinda kwa baridi yabisi.

Orodha yenyewe si yangu. Ni ya Radhiya, mke mwenzangu. Marehemu alimtoa kisiwani Kojani akamleta hapa mie nikiwa na mimba ya Rahila, na leo Rahila ana miaka arubaini, basi hesabu. Sikumpenda, na sikuficha. Nyumba zetu zinatazamana, katikati uwanja mmoja wa kuanikia karafuu. Thabit kafa mwaka wa sita huu. Tukaendelea kutazamana.

Sasa Radhiya anasahau. Mwanzo alisahau majina ya watu, tukasema uzee. Mwezi uliopita kateleka sufuria tupu, kaacha moto, kaenda zake kulala. Jiko limeungua nusu paa. Mwanawe, Suhail, kaja mbio kutoka Unguja na begi tupu la kutilia nguo za mamake. Nikamsimamia mlangoni.

"Mama mkubwa, huyu hawezi tena kukaa peke yake."

"Peke yake? Mie ni kisiki?"

"Nyie hata salamu mnapeana kwa kutumiana watoto!"

"Hilo halikuhusu. Mjane wa Thabit hatoki nyumba ya Thabit watu wakasema mwenziwe kamfukuza. Nitamtazama mimi."

Rahila ndiye aliyeingia kati. Katia programu hii kwenye simu yangu, yake na ya Suhail, kaandika kila kazi ya Radhiya na saa yake. Kengele ikilia nafanya, nikishafanya naweka tiki, na wao kule waliko wanaiona. Suhail kakubali kwa masharti: mpaka karafuu zimalizike. Tiki zikikosekana, au mamake akipatwa na jambo, anakuja na lile begi.

Nimemwambia aliweke begi lake mahali pakavu.


Jumatano, 2 Oktoba

Kengele imelia mara kumi na moja. Nimechoka na kengele kabla sijachoka na kazi.


Ijumaa, 4 Oktoba

Mambo yenyewe ni haya. Kumwamsha. Kumtilia maji ya udhu. Uji. Dawa ya presha, na kumtazama mpaka ameze, maana huificha shavuni kama mtoto. Kuoga. Kumzuia asiwashe moto. Chakula cha mchana. Saa tisa chai. Jioni kuchana nywele. Dawa tena. Kufunga mlango wake kwa nje, hili Rahila kaliandika mwisho na kaweka rangi nyekundu.

Ukigusa kiduara, kazi inakatwa mstari na kengele yake inanyamaza. Usipogusa, inageuka nyekundu na inalia tena kila robo saa, haina haya. Ukimaliza zote inaandika: "Hongera! Umekamilisha kazi zote za leo." Nani kaiomba hongera? Nimelea watoto sita, nimezika wawili na mume, hapakuwa na kitu cha kuniandikia hongera. Leo nimempa mtu uji napigiwa vigelegele.

Radhiya katazama simu inalia, kaniuliza, "Nani huyo anakupigia hivyo?"

Nikamwambia, "Mwanao."

"Mwambie aje ale."


Jumapili, 6 Oktoba

Wachumaji wameanza. Silima, mkuu wao, kaleta vijana wake wanane na ngazi mbili. Mikarafuu ya marehemu mwaka huu imebeba mpaka matawi yanainama. Majamvi nimeyatoa, moja limeliwa na panya.


Jumanne, 8 Oktoba

Rahila kanipigia, sauti ya kiskuli.

"Mama, mbona tiki zote za leo zimewekwa saa kumi na mbili alfajiri?"

"Nimetia nia."

"Nia gani?"

"Nia ya kufanya. Baada ya sala nimekaa juu ya msala, nimezisoma zote, nimetia nia kila moja, nimeweka tiki. Kwani saumu unaitilia nia baada ya kufuturu? Sala unaitilia nia baada ya salamu? Nia inatangulia, kazi inafuata."

Kacheka mpaka nikasikia watoto wa darasa lake nao wanacheka. "Mama, simu haijui nia. Ukiweka tiki inahesabu umekwisha kufanya, na haitakukumbusha tena."

"Haijui kwa sababu haikusoma chuoni. Mie nikitia nia nafanya. Umewahi kuniona nimetia nia nikaacha?"

"La, Mama. Lakini utachoka."

"Anayechoka ni mvivu."

Kaniapisha nisiweke tiki zote pamoja alfajiri. Sawa. Nitaweka moja moja, kengele ikilia. Lakini kengele ikilia natia nia kwanza na tiki inakwenda na nia. Mkono wangu umezoea hivyo na sitaubadilisha kwa ajili ya kibati cha kichina.


Alhamisi, 10 Oktoba

Jua zuri. Karafuu zimeanza kuwa nyekundu. Radhiya kamtemea dawa kuku.


Jumamosi, 12 Oktoba

Leo wakati namchana nywele kaniuliza, "Usiku huu zamu ya nani?"

Sikufahamu kwanza. Zamu ya kuteka maji? Zamu ya kupika?

"Zamu ya Thabit," kasema. "Jana alikuwa kwako. Leo kwangu, au siyo?"

Kitana kimenisimama mkononi. Miaka hiyo yote ya zamu, siku mbili kwangu na siku mbili kwake, nilikuwa nikihesabu kwa ukali, nusu siku haipotei. Ilikuwa akipitisha saa moja kwake wakati zamu ni yangu, nalala na chakula chake nimekifungia kabatini. Na mtu mwenyewe yuko kaburini mwaka wa sita.

Ningeweza kumwambia. Nilimwambia wiki iliyopita kwamba Thabit kafa, na alilia kama kaisikia siku ile, kalia mpaka kwikwi, mimi nimekaa mbele yake na sahani ya muhogo sijui niiweke wapi.

"Zamu yako," nimemwambia.

Kafurahi. Katia wanja.

Hilo halikuwamo katika orodha.


Jumatano, 16 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Imekuja bila kubisha hodi, saa saba mchana, jua linawaka huku inanyesha. Nimeanua majamvi matano peke yangu, la sita limelowa. Karafuu zikilowa hazikauki tena vizuri, zinageuka mpeta, nyeupe nyeupe, kama meno ya mgonjwa. Nimezirudisha jikoni juu ya moto mdogo. Kengele ya dawa ikalia katikati ya hayo yote. Nikaiwekea tiki, nikamaliza jamvi, nikampa dawa. Unaona? Nilimpa.


Ijumaa, 18 Oktoba

Nimesinzia kwenye msala. Nimeamka uso umechorwa ukindu.


Jumatatu, 21 Oktoba

Nimegundua jambo. Radhiya ukimwacha nyumbani anahangaika, anafungua makabati, anatafuta kitu hakijui. Lakini ukimpeleka mikarafuuni, ukampa pakacha akaokota zilizoanguka chini ya mti, anatulia hivi hata unamsahau. Vidole havikusahau kitu. Na jioni tukikaa barazani kuchambua, kutenga karafuu na makonyo yake, ananishinda. Jina langu halijui vizuri, lakini konyo haliachi hata moja.

Basi sasa kila asubuhi nakwenda naye. Si mbali, ni kuvuka bonde tu. Nampa pakacha, namwachia Silima amtupie macho, nageuka nyumbani kuanika. Rahila kaongeza katika orodha: "Saa tisa, kumrudisha Bi Radhiya nyumbani." Rangi nyekundu.

Leo wakati wa kuchambua kasema, hakunitazama, "Zile nguo zako nilizifua mie."

"Nguo gani?"

"Za uzazi. Yule mtoto aliyekufa. Ulikuwa hutaki hata kivuli changu kiingie kwako. Nikawa nakuja alfajiri nazichukua mlangoni, nafua, narudisha kabla hujaamka. Siku saba."

Ni kweli mtoto wangu wa tatu alikufa siku ya pili. Ni kweli nguo zilikuwa zinafuliwa, na mimi miaka yote nikijua alikuwa dada yangu, nikamshukuru dada, na dada hakukataa shukurani. Dada naye kafa. Nimuulize nani? Mtu anayeuliza zamu ya maiti, maneno yake utayashika vipi?

Lakini alisema siku saba. Zilikuwa siku saba.

Nikamwambia, "Mbona hukusema?"

"Ungenipiga," kasema, tukacheka sote wawili, na Silima aliyekuwa anapima pishi zake kageuka kutazama kama kaona shetani.


Jumatano, 23 Oktoba

Mvua. Kuanika, kuanua, kuanika, kuanua.


Ijumaa, 25 Oktoba

Suhail katuma meseji: "Ahsante mama mkubwa, naona tiki zote zimetimia mwezi mzima." Nimemjibu: "Njoo umwone mamako, tiki hazina sura."

Miguu imevimba. Nimeitia katika maji ya chumvi. Rahila kauliza kama nimechoka, nimemwambia asiulize mambo ya kipuuzi.


Jumatatu, 28 Oktoba

Nitayaandika yote, na nitayaandika yalivyo.

Jana, Jumapili. Asubuhi nimempeleka Radhiya mikarafuuni kama kawaida, na kanga yake ya zambarau na pakacha lake. Silima hakuwapo, kaenda mazikoni Micheweni, vijana wake walikuwa juu ya miti upande wa pili. Nikasema si kitu, saa tisa namfuata.

Uwanjani nilikuwa na majamvi manane. Jua kali, ndilo jua tulilolingoja wiki nzima. Saa tisa kengele imelia. Nilikuwa nimeinama nageuza karafuu. Nikafuta mkono kwenye kanga, nikasema moyoni, namfuata Radhiya sasa hivi, nikagusa kiduara. Kazi ikakatwa mstari. Simu ikanyamaza. Nikainuka kuchukua ushungi.

Nilipoinuka nikaliona wingu. Jeusi, liko juu ya mnazi wa mpakani, na upepo ule wa baridi unaotangulia. Majamvi manane, mimi mmoja. Nikasema naanua kwanza, dakika kumi. Nikaanua. La tano mvua ikashuka, si mvua, ni kama mtu kapindua pipa. La sita, la saba. La nane nimelivuta kwa meno nadhani, sikumbuki. Nikazimwaga karafuu chumbani, nikazitandaza, nikabadili nguo, nikasali alasiri nimechelewa, nikakaa nipumue. Nikasinzia.

Simu haikulia. Ingelia vipi? Niliiambia nimekwisha kufanya.

Kilichoniamsha ni kiu. Nikateleka chai, nikatoa vikombe viwili. Nikavitazama vile vikombe viwili. Mola wangu asinionyeshe tena.

Saa kumi na moja na nusu. Nimekimbia. Mwanamke wa miaka sabini na moja nimekimbia bondeni kwenye tope, kiatu kimoja kimebaki huko mpaka sasa. Mikarafuuni hapana mtu. Pakacha lipo chini ya mti, limejaa maji, karafuu zinaelea. Nimeita. Nimemwita kwa jina lake, nimemwita mke mwenzangu, nimemwita kwa jina la utani tulilomwita sisi watu wa Kiuyu kumcheka alipokuja bibi harusi, nikasema pengine hilo atalikumbuka. Vijana wa Silima walikuwa wamekimbia mvua zamani. Hakuna aliyemwona.

Silima ndiyo kwanza anarudi mazikoni na baiskeli yake.

"Bi Mwanapili, una nini?"

"Radhiya kapotea."

Hakuuliza la pili. Kaiangusha baiskeli. "Yule mtu wa wapi asili yake?"

"Kojani."

"Basi twende pwani pa kuvukia."

Mimi nisingelifikiri hilo. Nilikuwa nimejiandaa kutafuta visimani.

Tumemkuta karibu na magharibi, kwenye banda la wavuvi. Wanawake wawili wauza pweza walimkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, wamemfunika turubai. Kanga yake imegandana na mwili, midomo imekuwa ya buluu, meno yanagongana. Walisema katembea majini mpaka kiunoni, anataka chombo kimvushe.

Kaniona. Kasema, "Umekuja na weye? Mama atafurahi. Nimemwambia kwetu nakuja na mwenzangu."

Silima kambeba mgongoni njia nzima.


Jumanne, 29 Oktoba

Homa. Kifua kinakoroma. Tumempeleka hospitali ya Wete kwa gari ya mkaa ya jirani, Rahila katupokea. Wamemlaza. Orodha inalia kama kawaida: uji, kuoga, nywele. Sikuweka tiki hata moja. Simu yote nyekundu.


Alhamisi, 31 Oktoba

Suhail kafika jana. Leo tumekaa naye kwenye benchi la nje ya wodi. Begi kaliweka miguuni. Nilijua ananijia na maneno, na nilikuwa tayari kwa maneno.

Katoa simu yake. "Mama mkubwa, nimetazama. Jumapili tiki ya kumrudisha imewekwa saa tisa na dakika mbili."

"Ndiyo."

"Basi ulimrudisha. Akatoka tena wakati wa mvua wewe unaanua. Hilo halina wa kulaumiwa. Hata kwangu angetoka." Kaufuta uso. "Nilikuja na hasira, wallahi. Lakini mtu kafanya kila kitu kwa saa yake mwezi mzima, nimseme nini? Akipona mrudi naye nyumbani. Sitamchukua."

Rahila alikuwa pembeni yangu. Rahila anajua tiki zangu ni tiki za nini. Alinitazama, akatazama chini.

Nami nikanyamaza.

Nimesema "Alhamdulillahi," nikanyamaza.


Ijumaa, 1 Novemba

Anaendelea vizuri. Kala uji. Mimi sikula.


Jumapili, 3 Novemba

Wamemtoa jana. Tumelala nyumbani kwa Rahila. Leo asubuhi tumerudi Kiuyu, Suhail kaja nasi kumfikisha mamake, kesho meli.

Nilimkalisha Radhiya kwenye kiti barazani, nikampa mkate na chai. Suhail kakaa kizingitini, kavua viatu, anafurahia karafuu zilizokauka. Katia chache mdomoni kama alivyokuwa mdogo. Sikuweza tena. Miaka yangu yote nimewasema watu waongo mbele ya uso wao, leo niogope uso wa mtoto niliyemtahirisha?

"Suhail. Ile tiki ya Jumapili ni uongo."

Kaacha kutafuna.

"Sikumrudisha mamako. Niliweka tiki kwa nia. Nikaanua karafuu kwanza, kisha nikalala. Mamako alikaa mvuani saa mbili na nusu na mimi nimelala. Ukanipa hukumu ya haki hospitali na mimi nikaichukua wakati si yangu. Haya, begi lako hilo. Sema."

Kuku kaja kadonoa karafuu na hakuna aliyemfukuza.

"Kwa nini unaniambia?" kasema. "Ungekaa kimya nisingelijua maisha."

"Ningelijua mie."

Kaichukua simu yake akaifungua, akanigeuzia. Yeye ana orodha yake mwenyewe humo, mambo ya kazi, mambo ya nyumba, kodi ya maji. Kaniwekea kidole mahali pamoja. Nikasoma kwa shida, miwani nimeiacha hospitali: "Ijumaa, kumpigia Mama." Na chini yake Ijumaa zilizopita zote, tiki, tiki, tiki, mstari baada ya mstari.

"Umewahi kusikia nimempigia? Nimempigia mara moja?" kauliza.

"Hapana."

"Inalia nikiwa ofisini. Nasema nitapiga jioni, naweka tiki iache kelele." Katazama nje. "Mwaka mzima, mama mkubwa. Mie sikuwa hata na majamvi ya kuanua."

"Basi waongo tuko wawili," nimemwambia. "Kunywa chai."

Tukanywa. Kisha akasema taratibu, hapo ndipo penyewe, "Sasa tufanye nini naye?"

Nikamwambia aachwe hapa. Nitajifunga. Tiki itafuata kazi, nitaapa kwa msahafu. Majamvi yakilowa yalowe. Nilisema mengi, na sauti yangu mwenyewe niliisikia inapanda. Suhail anasema hajui, mkewe Kauthar yuko nyumbani mchana kutwa, nyumba ina geti. Mimi nasema geti la nini, mtu si mbuzi. Yeye anasema, mimi nasema.

"Nipeleke."

Tuligeuka. Radhiya alikuwa ameweka kikombe chini. Macho yake yalikuwa yamo, yaani alikuwa ndani ya macho yake, sijui niseme vipi. Kamtazama Suhail na kajua ni Suhail.

"Baba, nipeleke kwako."

"Mama, si ulisema hutaki kutoka hapa?"

"Sitaki." Kanionyesha kwa kidevu. "Lakini mwenzangu huyu kachoka. Hasemi. Hajui kusema, yeye anajua kugomba tu. Mitazame miguu yake."

"Nani kachoka?" nimemwambia. "Nimekwambia mie nimechoka? Umenisikia nikisema?"

"Unaona?" kamwambia Suhail. "Anagomba."

Nikainuka nikaingia ndani. Nilisimama nyuma ya mlango, mkono nimeweka kwenye komeo, sikujua nilikwenda kuchukua nini. Nilipotoka alikuwa anamuuliza Suhail yeye mtoto wa nani, na kwao wanavua au wanalima.


Jumatatu, 4 Novemba

Gari imekuja saa moja. Nimemfunga ushungi vizuri, nimemtilia katika begi kanga nne, wanja wake, na kifuko cha karafuu achambue, nimemwambia Suhail amwekee makonyo ndani makusudi, apate kazi. Nimemwambia dawa huificha shavu la kushoto. Nimemwambia akiuliza zamu ya nani, ajibu "yako", asimwambie Thabit kafa, asithubutu. Suhail kasema ataandika. Nimemwambia asiandike, akumbuke.

Radhiya kaniuliza, "Weye huji?"

"Nina majamvi."

Kakubali. Karafuu ni karafuu. Kanipa mkono, kisha akanivuta kichwa akanibusu paji, na hajawahi kunibusu tangu aingie nyumba hii.

Gari imeondoka. Wachumaji walikuwa wananingoja. Nimekwenda.


Alhamisi, 7 Novemba

Karafuu za mwisho zimeshuka. Silima kaondoka na vijana wake. Mvua imerudi usiku, haina tena cha kulowesha.

Leo nimesali alfajiri nikasema nijilaze kidogo. Nimeamka jua liko juu ya paa, saa nne kasoro. Tangu nipate akili sijalala mpaka saa hiyo isipokuwa nikiwa na uzazi. Hakuna aliyeniamsha. Simu iko chini ya mto wa kulalia, niliinyamazisha mwenyewe jana, imejaa nyekundu: kumwamsha Bi Radhiya, udhu, uji, dawa.

Rahila kanipigia. Kasema atanifutia orodha kutoka huko huko, ni kugusa mara moja tu. Nimemkataza. Nitafuta mwenyewe.

Nimekaa kitandani nafuta moja moja. Kila moja inauliza: "Una uhakika?" Nasema ndiyo. Una uhakika? Ndiyo. Nilipofika kwenye kuchana nywele mkono umekuwa mzito, simu imeniangukia kifuani, nikaiacha hapo hapo.

Alisema kweli yule mwanamke. Nimechoka.